Tiki Nilizoziweka Mimi

Mwanangu Evodia alikuwa na miaka minane nilipomfundisha kudanganya kwa kitabu cha hadithi. Nilimfundisha mimi, mama yake, Jumamosi baada ya Jumamosi, nimekaa kwenye kigoda jikoni na sufuria iko motoni. Nayaandika haya kwa ajili ya mama yeyote ambaye mwanawe anarudi nyumbani na kitabu kwenye mfuko na kadi ndani yake. Usome kwanza, halafu ndiyo ushike kalamu.

Evodia alilelewa na mama yangu kule Bahi mpaka akamaliza darasa la kwanza. Huko kutwa nzima ni Kigogo, Kiswahili alikisikia shuleni na kwenye redio ya babu yake. Mwaka huu baba yake, Gerson, ambaye ni fundi ujenzi, alipata kazi ya kueleweka hapa mjini, tukamleta Nzuguni aanze la pili. Ni mtoto msikivu, ukimtuma hasahau, lakini kusoma alikuwa bado. Akikutana na neno refu analitazama kama anatazama mbwa asiyemjua.

Mwalimu wao, Madamu Anjelina, alikuwa na utaratibu wake. Mwezi wa saba alituita wazazi akatuonyesha maboksi manne yamepangwa chini ya dirisha. Vitabu vyote humo ni vya hadithi, na kila kimoja kimebandikwa utepe wa rangi mgongoni. Vya kijani ni vyepesi kabisa, mstari mmoja au miwili kwa ukurasa na picha kubwa. Vinafuata vya njano, halafu vya bluu, halafu vyekundu, ambavyo ni vinene na maneno yake ni mengi. Kila mtoto anaanzia pale anapoweza. Ijumaa anachukua kitabu kimoja kwenye mfuko wa kitambaa, Jumatatu anarudisha.

"Ndani ya mfuko kuna kadi," alisema. "Mzazi unaweka tiki sehemu moja tu. Amesoma mwenyewe, amesoma kwa kusaidiwa, au nimemsomea mimi. Akipata tiki tatu za kusoma mwenyewe, nampandisha boksi. Nina watoto tisini na nne humu ndani, jamani. Siwezi kumsikiliza kila mmoja kila wiki. Hiyo kadi ndiyo masikio yangu huko majumbani kwenu. Msinizibe masikio."

Tulicheka. Na mimi nilicheka.

Wiki tatu za mwanzo nilikuwa mkweli. Alileta kitabu cha kijani, cha kuku aliyetafuta mahali pa kutagia. Evodia aliweka kidole chini ya neno akaanza kuvuta, ku-ku, a-na-ta-fu-ta, mpaka jasho likamtoka puani. Kurasa nne, karibu nusu saa. Nikaweka tiki kwenye kusaidiwa. Wiki ya pili hivyo hivyo, na ya tatu hivyo hivyo.

Sasa, nyumba tunayopanga tunakaa na Mwajabu, mama yake Asma. Ua ni mmoja, kamba ya nguo moja. Asma yuko darasa moja na Evodia, ila yeye amezaliwa hapa hapa na amesoma awali hapa hapa, kwa hiyo alikuwa tayari kwenye boksi la bluu.

"Mama Evo," Mwajabu aliniambia siku moja tunaanua nguo, "huyo wenu bado yuko na yule kuku? Mwambieni basi atage, na sisi tupate mayai."

"Kuku wa Kigogo huyo, hana haraka," nikamjibu.

"Kwa mwendo huo atataga Krismasi."

Mwajabu ni Mrangi wa Kondoa na utani ndiyo salamu yake. Ninamtania zaidi ya hapo na hajawahi kununa. Lakini siku ile utani wake ulinichoma. Jioni Gerson naye akakiokota kile kitabu juu ya kitanda, akakishika kwa vidole viwili.

"Mbona chembamba hivi? Mistari miwili, ndiyo kusoma huku?" Akashusha sauti. "Au mtoto ana tatizo?"

"Hana tatizo."

"Mwenzake wa hapo nje nimemwona na kitabu cha maana."

Evodia alikuwa amekaa mlangoni anavua viatu. Alisikia. Nilimwona alivyochelewa kufungua kamba.

Nikajiambia, sitakubali. Na nilichokijua mimi cha kumsaidia mtoto kilikuwa kimoja. Sisi tulipokuwa shule, kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto saba kwenye dawati. Aliyekaa katikati ndiye aliyeyaona maneno, sisi wa pembeni tulisoma kwa masikio. Mwalimu anasema, darasa zima linaitikia, na ukiinuliwa unasema ulichosikia huku umekishika kitabu vizuri mbele ya uso. Nilifika la saba hivyo hivyo. Kusoma kwa kweli nilijifunza nikiwa mkubwa, kwenye kwaya, kwa kufuata nyimbo nilizokwisha kuzijua. Kwa hiyo niliona hakuna ubaya. Niliona ndiyo njia.

"Acha kuvuta vuta," nilimwambia Jumamosi ile. "Nisikilize mimi, halafu sema kama nilivyosema."

Nilisoma mstari, akasema. Nikasoma mwingine, akasema. Kumbe mtoto ana kichwa cha ajabu! Saa moja haikuisha, kitabu chote alikuwa nacho mdomoni, na pale pa kushangaa anashangaa, pa kuuliza anauliza. Alicheka mwenyewe. Nikachukua kalamu nikaweka tiki. Amesoma mwenyewe.

Mkono haukutetemeka hata kidogo. Ningependa kuwaambia ulitetemeka.

Tiki tatu, akaingia njano. Tatu nyingine, bluu. Tatu nyingine, nyekundu. Wiki tisa tu. Watoto waliokuwa naye kwenye boksi la kijani walibaki humo. Gerson akawa anaondoka na habari zake kazini, anawaambia mafundi wenzake kwamba binti yake anasoma kitabu kinene kuliko daftari la mtendaji wa mtaa. Mwajabu naye akasema, "Mama Evo, mmempa nini huyu mtoto? Tuambieni na sisi, maana Asma wangu yuko bluu mpaka kapazoea." Nikamjibu ni maombi tu. Nililitaja na jina la Mungu humo.

Kuna kitu kimoja ambacho nikikikumbuka siwezi kukaa nikatulia. Ilikuwa kwenye vitabu vya bluu. Tunaendelea, mimi nasema yeye anasema, ghafla akanyamaza. Akakiinamia kitabu, akaweka kidole mahali.

"Mama, hili ndiyo 'maji'?"

Nikatazama. Ndilo lilikuwa.

"Na hapa tena 'maji'. Na hapa!" Macho yalimtoka kwa furaha. Alikuwa ameyaona mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Nami nikamwambia, "Usisimame katikati, utasahau. Endelea."

Akaondoa kidole. Hakukiweka tena.

Mwisho wa mwezi wa tisa Madamu Anjelina alitangaza Siku ya Hadithi. Wazazi tungekuja, na watoto watatu wa boksi jekundu wangewasomea wenzao. Mmoja wao Evodia. Alipewa kitabu mapema, wiki tatu kabla, ajizoeze. Hadithi yenyewe ilikuwa ya Mama Tabu na punda wake aliyekataa kuvuka mto kwenda mnadani. Kurasa ishirini na nne. Tulikikariri kipande kwa kipande. Jumapili moja kabla ya kanisa nilikuwa nakoroga uji wa ulezi huku namsomea, mwiko ukaruka, uji ukadondoka katikati ya kurasa. Nilifuta kwa kitenge nikakifunga. Sikukifungua kuangalia. Sehemu ile tulikwisha kuimaliza, alikuwa nayo kichwani, ya nini kuhangaika na karatasi?

Siku yenyewe ilikuwa ya joto, lile joto letu la kusubiri mvua. Wazazi tulikaa kwenye mabenchi kwa nyuma, watoto kwenye mikeka mbele. Gerson aliomba ruhusa kazini akaja na shati la pasi. Mwajabu alikaa pembeni yangu. Utaratibu wa Madamu ulikuwa kwamba msomaji anakaa kwenye kiti, anasoma ukurasa, halafu anakigeuza kitabu na kuwaonyesha wenzake picha, ndipo anafungua ukurasa mwingine.

Evodia alianza vizuri sana. Sauti safi, inapanda inashuka. "Mama Tabu alikuwa na punda. Kila Jumanne walikwenda mnadani. Siku moja punda alifika mtoni, akakaa chini." Akageuza kitabu, watoto wakamwona punda amekaa kwenye mchanga, wakacheka. Gerson alinigusa kiwiko.

Akafunua. "Ndipo akaja Sela na debe la pumba kichwani. Sela akasema, punda, njoo ule." Akageuza kitabu kuwaonyesha picha.

Halafu sauti ya Asma kutoka kwenye mkeka, "Sela mwenyewe yuko wapi?"

"Na pumba haipo!" akasema mwingine.

"Madamu, huyo punda ameshavuka, yuko mnadani!"

Zile kurasa zilikuwa zimegandana kwa uji wangu. Mwanangu alikuwa anasoma ukurasa ambao hakuna mtu anayeuona, na yeye mwenyewe hauoni.

"Ipo," Evodia akasema. Akafunua mbele, akarudisha nyuma, akafunua tena. Sasa alikuwa amepotea. Na kwa kuwa alikuwa hajui kuanzia katikati, akaanzia mwanzo. "Mama Tabu alikuwa na punda. Kila Jumanne walikwenda mnadani." Watoto wakacheka. Akafika pale pale akakwama. Akaanza tena. "Mama Tabu alikuwa na punda." Mara ya tatu sauti ilikuwa nyembamba na hakuna aliyecheka isipokuwa wadogo wawili watatu ambao hawakujua kinachoendelea.

Madamu Anjelina akamwendea polepole. Akazibandua zile kurasa kwa kucha, akamwekea kitabu mapajani. "Haya, Evo. Nisomee mstari huu mmoja tu."

Evodia alitazama mstari. Akatutazama sisi.

Gerson alitoka nje. Sikumfuata.

Baada ya watu kuondoka Madamu aliniita mezani kwake. Evodia alisimama katikati yetu. Kadi ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa.

"Mama Evodia, hapa pana tiki tisa za kusoma mwenyewe," akasema. "Alisoma mwenyewe?"

Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Namwapia Mungu nilikuwa natafuta. Evodia akanitangulia.

"Ni mimi, Madamu. Niliziweka mimi. Mama alikuwa hajui."

Madamu akanitazama. Alikuwa ananisubiri mimi, alinipa muda wa kutosha kabisa. Na mimi, mtu mzima, nikatikisa kichwa nikasema, "Watoto hawa, jamani!"

Hivyo tu. Evodia aliinamisha uso, na wala hakulia, kama vile alikuwa anajua nitasema hivyo.

Kwa kosa la kuchezea kadi, Evodia alinyang'anywa mfuko. Ijumaa wenzake wanachagua vitabu, yeye anafagia chini ya maboksi. Darasani wakampa jina, Pumba. "Pumba, lete ufagio." "Pumba, punda amevuka?" Nilisikia kwa masikio yangu siku nilipopita kwenye uzio. Nyumbani hakulalamika. Asubuhi alianza kusema tumbo linamuuma. Jumatatu tumbo, Jumanne tumbo. Nikampikia maji ya tangawizi, nikamkanda, ilhali nilijua tumbo halina kitu.

Baba yake ndiye aliyemaliza mambo. Alikuja na fimbo ya mpera, akasema mtoto mwongo lazima afundwe, amemwaibisha mbele ya watu. Evodia akasimama mwenyewe bila kuitwa, akageuka ukutani. Akasubiri.

Alikuwa tayari kupigwa kwa ajili yangu.

"Gerson, weka hiyo fimbo," nikasema. "Tiki ni zangu."

"Usimtetee."

"Simtetei. Niliziweka mimi, zote tisa. Yeye hakuijua hata rangi ya kalamu. Nilikuwa namkaririsha, naweka tiki. Ulisema kitabu ni chembamba, nikatafuta kinene."

Gerson alikaa kitandani na fimbo yake mapajani. Muda mrefu akawa anaivunja vipande vidogo vidogo. Mwishoni akasema, "Na mimi nilikiringia huko kazini."

Kesho yake nilikwenda shuleni nikamwambia Madamu Anjelina kila kitu. Nilitegemea anifokee. Alivua miwani akaifuta kwa kitambaa.

"Nilishuku," akasema. "Boksi tatu kwa wiki tisa, mtoto aliyetoka kijijini juzi? Nilishuku, nikanyamaza. Nilitaka mmoja angalau aende haraka, niwe na cha kumwonyesha mkaguzi." Akavaa miwani. "Mtihani wa kusoma wa la pili ni mwezi ujao. Mama Evodia, hatafika. Tutajitahidi, lakini sikudanganyi. Huenda akarudia darasa."

"Nirudie mimi," nikasema kijinga.

"Wewe kuna cha kufanya. Watoto wanamwita Pumba kwa sababu wanaamini aliiba tiki. Umeniambia mimi ofisini. Wao nani atawaambia?"

Basi nikaingia darasani. Watoto tisini na nne wakasimama, "Shikamoo, mama!" Nikaitikia. Nikawaambia kwamba Evodia hakuchezea kadi, ni mimi mama yake niliyeandika uongo, na siku ya kuulizwa nikaogopa, nikamwachia mtoto mzigo wangu. Mtoto mmoja wa mbele akauliza kwa sauti kubwa, "Kwani mama naye anadanganya?" Mwenzake akamfinya. Nikamjibu, "Ndiyo. Mimi nilidanganya." Evodia alikuwa dawati la tatu karibu na dirisha. Hakuinua macho kunitazama.

Jina la Pumba liliisha baada ya siku chache, watoto wana mambo mengi. Mfuko alirudishiwa. Ijumaa akaja na kitabu cha kijani, chembamba, mistari miwili kwa ukurasa. Jumamosi nikamaliza kufua mapema, nikaosha mikono, nikatandika mkeka, nikamwita.

"Njoo usome. Mama leo hasemi kitu, anasikiliza tu."

"Tumbo linaniuma," akasema.

Kumbe alikuwa ameshajipangia. Alikwenda upande wa pili wa ua kwa Mwajabu, ambaye alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Mwajabu hakupita shule, anajua herufi za Kiarabu za madrasa na namba za simu, basi. Nilimsikia anamwambia, "Mimi hata ukikosea sijui, mwanangu. Wewe soma, mimi nataka kujua huyo mbuzi aliishia wapi."

Evodia akaweka kidole chini ya neno. Mbu-zi. A-li-ku-la. Akarudia. Akakosea, akajisahihisha mwenyewe. Ikawa hivyo kila Jumamosi. Mtihani ulipofika hakufaulu, kama Madamu alivyosema, na mwakani atakaa tena la pili wakati Asma anakwenda la tatu. Aliposikia aliuliza jambo moja tu, kama vitabu vya kijani ambavyo hajavimaliza vitakuwepo.

Jana nilikuwa jikoni na dirisha liko wazi. Nilimsikia anasoma hadithi ya mtoto na kisima, polepole, lakini inakwenda, sentensi mpaka mwisho wake bila kukwama, na Mwajabu anauliza, "Ehe, halafu?" Nilitaka kusikia vizuri. Nikaacha sufuria, nikavaa kandambili, nikatoka taratibu nikasimama kwenye kona ya ukuta.

Evodia akaziona kandambili zangu. Akakifunga kitabu, akaweka kiganja juu ya jalada, akasubiri nipite.